Sharti la nne liko mezani kwenu: barua ya wazi kwa wakuu wa elimu wa Israeli

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu wa Israeli na wakurugenzi wa wizara yake, Jerusalem.
Nakala kwa wakuu wa elimu wa Mamlaka ya Palestina, Ramallah.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu. Naandika kwa Kiswahili kwa makusudi. Kiingereza ninacho cha kutosha kuandikia barua ya serikali, na Kiebrania nilichookota Haifa kinanitosha kununua mkate na kuulizia basi. Lakini mkitaka kujua nilichosema, itabidi mtafute mkalimani, mumsubiri, kisha mbaki na shaka kidogo kama kweli amewafikishia yote. Hiyo shaka naomba mkae nayo mpaka mwisho, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nishike kalamu niwaandikie juu ya washauri wa shule wanaowakutanisha watoto wa Kiyahudi na wa Kiarabu.

Mimi ni mshauri nasaha wa shule ya sekondari nchini Kenya. Mzaliwa wa Mombasa, nikapangiwa kazi Nakuru mwaka 2009, wakati majivu ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 yalikuwa bado yana moto chini. Watu zaidi ya 1,100 walikuwa wameuawa nchini. Kwenye darasa langu la kwanza alikaa mtoto ambaye nyumba yao ilichomwa, na madawati mawili nyuma yake akakaa mtoto ambaye mtaani walisema kakake alikuwepo usiku ule. Wote wawili walikuwa wanafunzi hodari wa hesabu. Hakuna chuo kilichonifundisha niwafanye nini.

Kwa hiyo Aprili na Mei 2018, nilipopata nafasi ya kozi ya elimu katika Kituo cha Golda Meir juu ya Mlima Karmeli, Haifa, nilikuwa na dukuduku ambalo halikuwemo kwenye ratiba ya kozi. Kituo hicho kipo tangu 1961 na wanawake wengi wa Afrika Mashariki wamepita pale, walimu wa chekechea na maofisa wa maendeleo ya jamii, kwa hiyo sikuwa mgeni wa ajabu. Niliuliza tu kila niliyekutana naye: hapa kwenu nani anakaa na watoto baada ya moto? Nikaelekezwa kwa mwanamke mmoja, Myahudi, mshauri wa shule ya Kiyahudi mjini humo. Sitamtaja jina. Yeye na mwenzake Mwarabu, mshauri wa shule ya Kiarabu isiyo mbali, walikuwa wakiwakutanisha wanafunzi wao wa miaka 15 na 16 kila baada ya wiki mbili. Waliniruhusu nikae pembeni nisikilize.

Nianze na jambo dogo lililonifurahisha. Mwenyeji wangu kwa Kiebrania anaitwa yoetzet. Mwenzake kwa Kiarabu ni mustashar. Nikawaambia kwamba kwetu mtu wa kazi hiyo ni mshauri, na anachotoa ni nasaha, maneno yote mawili yametoka kwa Waarabu kuja pwani yetu pamoja na majahazi. Wanafunzi wakataka nihesabu kwa Kiswahili. Nilipofika sita, saba, upande wa Waarabu wakapiga makofi, maana ni namba zao. Upande wa Wayahudi nao wakacheka kwa sababu nyingine kabisa: kwa Kiebrania saba ni babu. Kwa muda wa kama dakika moja chumba kizima kilikuwa kinacheka, kila upande na kicheko chake. Nimekumbuka dakika hiyo mara nyingi tangu Oktoba 2023.

Niwaeleze kidogo wasomaji wa kwetu watakaoiona barua hii kabla yenu. Waarabu ninaowasema hapa si watu wa Gaza wala wa Ukingo wa Magharibi. Ni raia wa Israeli, wana kitambulisho na kura, kiasi cha mtu mmoja katika kila watano. Wengi wao hujiita Wapalestina, na wana jamaa ng'ambo ya uzio. Lakini shule zao ni mbali na za Wayahudi, na za Wayahudi nazo zimegawanyika: za serikali za kawaida, za serikali za kidini, na za Waharedi, yaani Wayahudi washika dini sana. Mtoto anaweza kufika miaka 18 bila kukaa dawati moja na mtoto wa upande wa pili. Kisha yule Myahudi huitwa jeshini, yule Mwarabu mara nyingi haitwi. Wanakutana kwa mara ya kwanza hospitalini, chuo kikuu, au barabarani mmoja akiwa ameshika bunduki.

Zipo shule zinazokwenda kinyume. Padre Bruno Hussar, Mdominikani aliyezaliwa Misri katika familia ya Kiyahudi, alianzisha kijiji cha Neve Shalom, kwa Kiarabu Wahat al-Salam, kwenye ardhi ya monasteri ya Latrun. Shule ya msingi ya lugha mbili ilifunguliwa hapo mwaka 1984. Mtandao wa Hand in Hand ulifungua shule zake za kwanza 1998, na leo una wanafunzi takriban 2,000. Ninawavulia kofia. Lakini nchi yenu ina wanafunzi zaidi ya milioni 2. Ukipiga hesabu ni mtoto mmoja katika kila elfu, na huyo mmoja wazazi wake walikuwa wameshakubali kabla hajazaliwa. Wale 999 waliobaki wako mikononi mwa mshauri wa shule ya kawaida, mwenye ofisi ndogo, kabati la faili, boksi la karatasi za kufutia machozi, na mikutano kila baada ya wiki mbili kama akipata ruhusa.

Nawasimulia Jumatano moja.

Tarehe 14 Mei 2018 ilikuwa Jumatatu. Siku hiyo Marekani ilihamishia ubalozi wake Jerusalem, na siku hiyohiyo Wapalestina wapatao 60 waliuawa kwenye uzio wa Gaza. Mkutano wa wanafunzi ulikuwa Jumatano tarehe 16. Kesho yake, Alhamisi, ikawa Ramadhani mosi. Mwalimu mkuu mmoja alishauri uahirishwe. Mwenyeji wangu akasema tukiahirisha leo tutakuwa tumewafundisha kwamba mazungumzo ni ya siku za jua tu.

Waligawanya watoto kwanza. Kila upande chumba chake na mshauri wake, saa nzima, kwa lugha yao wenyewe. Ni utaratibu unaojulikana. Shule ya Amani ya Neve Shalom, iliyoanza 1979, imeutumia kwa miaka mingi. Mtu asiyejua atauliza: mnawatenganishaje watu mliokuja kuwaunganisha? Mimi pia niliuliza. Jibu nililiona kwa macho. Mtoto akishayamwaga kwa wenzake yale mabaya kabisa, ambayo angeyasema kwa watu wa upande wa pili yangekuwa mawe, anaingia chumba cha pamoja akiwa na kile kilichobaki chini ya kikapu. Na kilicho chini ndicho cha kweli.

Wakakutana. Msichana mmoja wa Kiarabu akaanza kusema, kwa Kiebrania, kwa sababu watoto wa Kiarabu hujifunza Kiebrania na wale wengine wengi wao Kiarabu hawakijui. Hilo lilichukuliwa kuwa kawaida kiasi kwamba hata mimi sikulitilia maanani. Alisema mama yake ana jamaa Gaza na simu haipokewi tangu juzi. Akafika mahali neno likamkataa. Akarudi nyuma, akajaribu tena, akacheka kwa aibu. Mvulana mmoja wa Kiyahudi, kwa nia njema kabisa, akampa neno: hasira. Msichana akatikisa kichwa. Alilolitafuta ni qahr. Sisi tungesema uchungu wa kuonewa, ule wa mtu ambaye hana la kufanya na anajua kwamba hana la kufanya.

Mustashar akamwambia: “Sema kwa Kiarabu. Tutatafsiri.”

Alisema kwa dakika kama tatu, bila kusita hata mara moja. Alikuwa mtu mwingine. Sauti ilishuka, mikono ikatulia. Na upande wa pili wa duara watoto wa Kiyahudi wakangoja. Nadhani kwa wengi wao ilikuwa mara ya kwanza maishani kungoja hivyo ndani ya nchi yao, wakimtazama mtu anayesema jambo zito wasiloweza kulifuata. Ikaja tafsiri, ya dakika moja hivi. Yule mvulana akauliza, akiwa amekunja uso: “Ni hayo tu? Mbona ameongea sana?”

Mwenyeji wangu hakumjibu. Alichukua chaki, akaliandika swali lake ubaoni kwa lugha zote mbili, akaliacha hapo.

Kama nyinyi waheshimiwa mmefika hapa mkidhani mkalimani wenu amefupisha, basi tuko pamoja.

Baada ya kimya kirefu mvulana akasema la kwake. Kaka yake ni askari na yuko kusini, kwenye uzio huo. Mama yao analala na simu kifuani. Hakuomba radhi na hakuna aliyemtaka aombe. Hakuna aliyemkumbatia mtu. Wakatoka bila kupeana mikono, na sambusa zilizoletwa na mzazi mmoja zikabaki kwenye sinia. Wenyeji wenyewe huikejeli mikutano mingine kuwa ni udugu wa hummus, lile rojo la dengu, watu wanachovya mkate pamoja, wanapiga picha, wanaondoka kama walivyokuja. Siku ile hakuna aliyechovya.

Hapo ndipo kazi halisi ilipoanza, nami sikuijua mpaka nilipoiona. Usiku ule na siku zilizofuata mwenyeji wangu alikuwa kwenye simu. Mzazi mmoja alitaka kujua ni nani aliyeruhusu wanajeshi watukanwe mbele ya watoto (hakuna aliyewatukana). Mwenzake naye alipigiwa na baba aliyeuliza kwa nini binti yake anapelekwa kuburudisha wakubwa siku ambayo watu wanazikwa. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi mtu alirusha jina na picha ya mwenyeji wangu. Mkutano uliofuata wanafunzi 8 hawakurudi. Wawili akawarudisha kwa kwenda nyumbani kwao. Saa hizo za simu na za kuketi sebuleni kwa watu hazimo kwenye ratiba na hazilipwi. Nilimwuliza kama bosi wake anajua. Akasema, “Anajua, na ananiombea.”

Sasa niseme nililokuja kusema.

Mwaka 1954 mwanasaikolojia wa Kimarekani Gordon Allport aliandika kwamba makundi mawili yakikutana tu chuki haipungui. Hupungua kwa masharti. Wakutane wakiwa na hadhi sawa, wawe na lengo moja, walifanyie kazi pamoja, na wenye mamlaka wawe nyuma yao: sheria, desturi, wakubwa. Wanafunzi wote wa ushauri nasaha wamekariri masharti haya, hata sisi Kenya tuliyajibia mtihani. Matatu ya kwanza mshauri anaweza kuyahangaikia ndani ya chumba. Hadhi sawa aliitafuta mustashar pale aliposema “sema kwa Kiarabu”. Lengo na kazi ya pamoja utavipata ukiwapa watoto kitu cha kujenga. Sharti la nne hakuna mshauri duniani awezaye kulitimiza kutoka ofisini kwake. Liko mezani kwenu, na limekaa hapo muda mrefu.

Nikumbushe yaliyo kwenye majalada yenu. Mwaka 2007 Waziri Yuli Tamir aliruhusu kitabu cha darasa la 3 cha shule za Kiarabu kitaje neno nakba, yaani msiba, jina ambalo Wapalestina wanayapa matukio ya 1948. Mwaka 2009 waziri aliyefuata, Gideon Sa'ar, akaliondoa. Mwaka huohuo wa 2009 kamati ya Profesa Gavriel Salomon wa Chuo Kikuu cha Haifa na Dakta Mohammed Issawi, Myahudi na Mwarabu kama ilivyo wale washauri wangu wawili, iliikabidhi wizara ripoti nzima juu ya elimu ya kuishi pamoja. Ikawekwa rafuni. Desemba 2016 Mkaguzi Mkuu wenu wa serikali akaandika kwamba wizara haikufanya inavyopasa katika elimu hiyo na katika kuzuia ubaguzi. Huyo si mwanaharakati wala mgeni kutoka Nakuru.

Julai 2018, miezi miwili baada ya Jumatano ile, Knesset, bunge lenu, ilipitisha sheria ya taifa, inayoitangaza Israeli kuwa taifa la Wayahudi. Kiarabu, kilichokuwa lugha rasmi tangu enzi za Mwingereza, kikawa lugha yenye “hadhi maalumu”. Mwenyeji wangu aliniandikia mstari mmoja tu: sasa nitamwambiaje yule msichana azungumze kwa lugha yake? Sikuwa na jibu. Mtasema hakuna kilichobadilika kwa vitendo, mabango ya barabarani yapo palepale. Kijana wa miaka 16 hasomi sheria kwa vitendo. Anasoma kwamba alishushwa.

Na mwaka 2023 wizara ilikifungia milango ya shule chama cha wazazi waliofiwa, Waisraeli na Wapalestina, kilichoanza mwaka 1995. Hawa ni watu waliozika watoto wao. Wanakwenda darasani wawili wawili, mmoja wa kila upande, wanasimulia, wanajibu maswali. Nimewahi kuwatafuta watu wa namna hiyo Nakuru, mama wa upande huu na mama wa upande ule wakubali kusimama mbele ya darasa moja. Ilinichukua miaka miwili kumpata mmoja. Nyinyi mlikuwa na foleni yao, mkaifukuza.

Novemba mwaka huo Meir Baruchin, mwalimu wa historia wa Petah Tikva, alikamatwa baada ya kuandika mtandaoni juu ya watu wanaouawa Gaza, akiwa ameshafutwa kazi. Januari 2024 mahakama ya kazi iliamuru arudishwe. Akarudi, na baadhi ya wanafunzi wakampokea kwa matusi. Mnaweza kusema hukumu ilitoka na haki ikapatikana. Lakini walimu wengine wote waliitazama kesi ile, na mtu anapoogopa hahitaji kukamatwa yeye mwenyewe. Mshauri anayefungua mazungumzo darasani wiki ambayo mwenzake yuko rumande anafanya kazi ya shujaa, na hamkumwajiri kuwa shujaa. Mlimwajiri kuwa mshauri.

Nakala ya barua hii inakwenda Ramallah kwa sababu. Maprofesa Dan Bar-On na Sami Adwan, Mwisraeli na Mpalestina, waliwaongoza walimu wa pande mbili kuandika kitabu cha historia ambacho kila ukurasa una safu tatu. Pembeni upande mmoja ni historia kama Waisraeli wanavyoisimulia, pembeni upande wa pili kama Wapalestina wanavyoisimulia, na katikati pamewachwa patupu ili mwanafunzi aandike yake. Mwaka 2010 wizara ya Jerusalem ilikikataza katika shule ya sekondari ya Sha'ar HaNegev. Mamlaka ya Palestina nayo haikukikubali. Kwa miaka yote hiyo jambo moja mlilokubaliana kwa sauti moja ni kwamba watoto wasipewe nafasi tupu ya kuandika.

Najua la kujibu mnalo. Mtaniambia: mama, baada ya tarehe 7 Oktoba 2023 unatuletea hadithi za duara na chaki? Watu wapatao 1,200 waliuawa siku ile na 251 wakachukuliwa mateka. Sijasahau, na kwetu msiba ule si wa kusikia kwenye redio tu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa wamekwenda huko kujifunza kilimo waliuawa siku hiyo, na mwili wa mmoja wao ulibaki Gaza zaidi ya miaka 2 kabla ya familia kupata cha kuzika. Aliuawa pia, nyumbani kwake Be'eri, Vivian Silver, mama wa miaka 74 ambaye kwa miaka mingi aliongoza pamoja na Amal Elsana Alh'jooj shirika la Wayahudi na Waarabu kule Beersheba. Wapo waliosema kifo chake ni ushahidi kwamba alipoteza muda wake. Na Gaza, kwa hesabu ya wizara ya afya ya huko, wamekufa zaidi ya 60,000. Sielewi ni hesabu ipi kati ya hizi inayothibitisha kwamba watoto wasikutanishwe.

Hoja nzito zaidi ni ya Salomon mwenyewe, marehemu sasa. Utafiti wake na wenzake ulionyesha kwamba mabadiliko mazuri yanayotokana na mikutano hii hufifia haraka mtoto akirudi nyumbani, kwenye televisheni na kwenye mazishi, na imani zile za ndani kabisa hugusika kwa shida. Wapinzani wameishika hapo tu. Walisahau kwamba alisema pia kinachofifia kinaweza kufufuliwa kikirudiwa. Nani kati yenu humwagilia mti mara moja, kisha ukinyauka anaandika ripoti kwamba maji hayafai?

Wapo pia Wapalestina wanaoukataa mkutano wenyewe. Wanasema kukaa duara moja na mtu huku hali haibadiliki ni kuihalalisha hali hiyo. Mustashar wa Haifa alikuwa akiambiwa hivyo na ndugu zake. Hakuwaona wajinga, wala mimi siwaoni. Mkutano ambao mwisho wake kila mmoja anajisikia vizuri na hakuna kilichobadilika kwenye bajeti, kwenye lugha wala kwenye kitabu, kweli ni kibaraka cha hali ilivyo. Dawa yake ni hilohilo sharti la nne.

Kwa hiyo ninachoomba ni vitu vya kuhesabika. Saa za mshauri kwa kazi hii ziandikwe kwenye ratiba na zilipwe, pamoja na zile za simu, na ziwe za wawili wawili, Myahudi na Mwarabu, wenye cheo kimoja na mshahara mmoja. Kundi moja la wanafunzi lifuatwe miaka miwili au mitatu, si mikutano minne na cheti. Kiarabu kifundishwe katika shule za Kiyahudi tangu darasa la kwanza, na walimu wake wawe Waarabu, kama mpango wa Ya Salam ulivyokwishajaribu tangu katikati ya miaka ya 2000, ili siku moja yule mvulana asiulize “ni hayo tu?” Utoke waraka wenye saini ya waziri, si ya naibu wa naibu, unaosema mwalimu hataadhibiwa kwa sababu mwanafunzi alisema jambo lenye kuuma ndani ya mazungumzo yaliyoruhusiwa. Wazazi waliofiwa warudishwe darasani. Na ripoti ya 2009 ipanguswe vumbi. Hata mkiikataa, ikataeni kwa maandishi.

Msiniambie serikali haiwezi kujifunga kisheria katika mambo kama haya. Ireland ya Kaskazini, shule ya sekondari ya Lagan ilianza 1981 na wanafunzi 28, Wakatoliki na Waprotestanti, mabomu yakilipuka mjini Belfast. Mwaka 1989 sheria iliibebesha idara ya elimu wajibu wa kuhimiza na kuwezesha shule za namna hiyo. Mkataba wa amani ulikuja 1998. Hesabuni wenyewe kipi kilitangulia.

Nirudi Nakuru, maana sitaki mdhani nawahubiria kutoka nchi ya malaika. Wale watoto wangu wawili wa hesabu hawakuwa marafiki. Lakini tulikuwa na kitu ambacho Haifa hamna, na sikukijua thamani yake mpaka nilipokaa kwenye kile kiti cha pembeni. Mmoja nyumbani kwao walizungumza Kikuyu, mwingine Kikalenjin. Chumbani kwangu wote walizungumza Kiswahili, ambacho hakikuwa cha mama wa yeyote kati yao. Wote wawili walikosea ngeli. Wote wawili walitafuta maneno, wakasitasita, wakacheka kwa aibu kwa zamu. Hakuna aliyekuwa mwenyeji na hakuna aliyekuwa mgeni. Mwenyeji nilikuwa mimi, mtu wa pwani, na mimi sikuwa na ugomvi na yeyote. Nyinyi hamna lugha ya tatu. Mna mbili, na mmoja wa watoto hubeba zote mbili mgongoni huku mwenziwe akitembea mikono mitupu.

Bibi wa wengi wa watoto wenu wa Kiyahudi, huko walikotoka, Baghdad, Sana'a, Fez, walibembeleza wajukuu kwa Kiarabu. Mwenyeji wangu aliniambia kwamba kila mwaka yuko mwanafunzi mmoja au wawili anayekuja ofisini peke yake, akafunga mlango, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba maneno ya wale wa upande wa pili alikuwa akiyaelewa, kwa sababu ya bibi, lakini hakutaka wenzake wajue. Anaandika majina yao kwenye daftari. Anasema akipewa saa za kutosha, ataanzia hapo.

Yeye bado yuko shuleni kwake. Mustashar ameacha, anauza vifaa vya ujenzi kwa mjomba wake. Walizungumza mara ya mwisho kabla ya sikukuu, kwa Kiebrania.

Nasubiri jibu lenu. Liwe la Kiebrania au la Kiarabu, msijisumbue kulitafsiri. Mombasa sikosi mzee wa madrasa wa kunisomea Kiarabu, na cha Kiebrania nitamtafuta mtu. Nitangoja.

Wenu,
Mshauri nasaha, shule ya sekondari, Nakuru